Baritoni Aliyekimbizwa

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa kwaya ametangaza: Ijumaa anatusikiliza mmoja mmoja. Asiyefikia noti za juu atakaa na watazamaji. Mimi sifiki! Nikifungua kinywa tu, wenzangu husema, "Jamani, babu kaingia." Nacheka nao. Nyumbani sicheki.

Jioni nilipita kwa mjomba, dukani anakotengeneza redio. Ile gramafoni kuukuu imepona, na mteja mmoja amemwachia santuri za Mwitaliano wa zamani — baritoni, bingwa wa opera. Tumesikiliza tatu. Sauti nyembamba, kali, mbio mbio. Mjomba akasema anaimba kama mtu aliyekanyaga msumari. Nimempenda hata hivyo. Nitajifunza kupanda kama yeye.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfuatisha mpaka koo linawaka. Mama kauliza ni nani anachinja kuku chumbani.

Jumatano, 6 Machi

Ajabu! Kamusi inasema baritoni ni sauti ya kiume ya kati. Si ya juu! Nikamuuliza mjomba, mbona wetu anapanda hivi? Akabandika kikaratasi ukingoni mwa santuri, akashika saa, akahesabu mizunguko. Tisini kwa dakika. Lebo inasema sabini na nane.

"Kosa langu, mpwa wangu. Skrubu ya mwendo niliikaza mno. Nimemkimbiza mzee wa watu bure!"

Akailegeza. Akarudisha sindano mwanzo.

Sijui niandikeje. Sauti ilishuka, ikatulia, ikajaa duka zima pamoja na mikwaruzo yake. Hana haraka. Kabla ya mstari mrefu anavuta pumzi — nimeisikia! Mtu alikufa zamani, pumzi yake bado ipo. Mjomba akaweka bisibisi chini. Nikaimba naye, polepole, bila kupanda popote. Koo halikuwaka.

Ahsante, mjomba. Ahsante, mteja nisiyekujua. Ahsante, babu Mwitaliano.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha muziki. Zamu yangu imekatizwa katikati. Nilianza wimbo wetu chini, kwa sauti yangu mwenyewe. Mtu akacheka dirishani. Sikunyamaza. Mwalimu akauliza nani kanifundisha kuvuta pumzi vile. Nikasema, Mwitaliano. Akanitazama sana. Akaniambia ningoje hapa, akamwita mpiga kinanda.

Nawasikia. Mpiga kinanda anauliza, sasa wimbo wangu auanzie noti ipi?

"Shusha," anasema mwalimu.

Kinanda kinashuka noti moja.

"Bado. Shusha tena."