Barafu Chini ya Boneti

Jumatatu, 4 Machi 1974

Limezima tena. Mara ya nne tangu juzi. Palepale, mwisho wa mtaa wa Dunda, watu wote wakitazama.

Gari la zahanati sasa linatakiwa litembee kwa gesi ya kupikia. Kibali cha petroli kimekwisha, kingine hatupati hadi mwezi ujao. Fikra ya bwana daktari hiyo. Fikra ni zake, kuchubuka vidole ni kwangu. Vifaa vimetoka kwenye mashine kuukuu ya kunyanyulia mizigo huko Dar: mipira, koki, na kikopo cha chuma ambamo gesi iliyo majimaji hugeuka hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Vimeletwa ndani ya gunia. Hata kikaratasi cha maelezo hakuna.

Mtungi wa gesi nimeulaza nyuma ya kiti cha dereva. Kikopo nimekibana kando ya betri, nafasi haizidi kiganja. Kilikuwa na matundu mawili ya ziada. Sikuona kazi yake, nikayaziba.

Nyumbani mke wangu, Mama Rehema, kauliza, litapona lini? Nikasema kesho.

Jumatano, 6 Machi

Kesho ilikuwa jana. Gari bado.

Barua ya mkwe imefika kutoka Ubena, kupita Chalinze. Miguu ya binti yetu Rehema imevimba. Mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mkunga wa kule hataki apande basi, anataka alale njia nzima. Na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake mzazi, hilo halina mjadala, mama yake keshafagia chumba cha nyuma mara tatu. Daktari kaniambia, fundi, likitengemaa tu, safari ya kwanza ni ya mwanao. Masika yakiwahi, njia ya Msata inakuwa uji.

Kwa hiyo yote yako mikononi mwangu. Na mikono yangu haijui inachofanya. Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Limezima, nikafunua boneti. Kikopo cheupe! Barafu. Bagamoyo, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, na barafu imekishika chuma kama ukoko wa wali.

Watu wakajaa. Muuza samaki mmoja, mtu mzima na ndevu zake, kaniuliza kama naweza kumgandishia changu wake wawili mpaka jioni. Kicheko. Kefule! Nimewafungia boneti.

Jumapili, 10 Machi

Nimefungua kabureta mara tatu. Safi. Plagi safi. Mipira haivuji, nimeipaka sabuni yote, hata povu moja halikutoka.

Jambo la ajabu: nikiendesha mimi, linafika maili mbili. Akiendesha Mzee Kheri, halipiti msikiti.

Mzee Kheri ndiye dereva wa zahanati. Rika la marehemu baba. Hilo ndilo linalonichosha zaidi, maana siwezi kumgombeza bila kumwamkia kwanza. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, umeamkaje, mama watoto hajambo, na Rehema je. Mpaka salamu zimalizike hasira imeshapoa, naanza kuitafuta upya. Leo nimemwuliza analifanya nini gari langu. Kasema, "Nalitunza, fundi."

Jumanne, 12 Machi

Manyunyu. Bado si masika, lakini nimeyasikia juu ya bati, nikatoka kutazama mawingu.

Mama Rehema kafua pazia la chumba cha nyuma na kulirudisha. Hakuniuliza lini. Afadhali angeuliza.

Jumatano, 13 Machi

Nimemkamata.

Tumetoka pamoja, yeye kashika usukani. Limezima mbele ya msikiti. Kabla sijateremka, mzee keshafunua boneti, gunia majimaji mkononi, debe la maji miguuni. Anakifunika kikopo! Na chini ya gunia hilo lipo jingine, kalifunga tangu asubuhi kabla hatujatoka. Kila siku anafanya hivyo. Siku zote nahangaika na spana, yeye anainywesha barafu maji baridi.

Nimemfokea mbele ya watu. Mtu rika la baba. Astaghafirullahi. Akasema, "Si wewe uliyenifunza, fundi?"

Kweli. Mimi. Pwani hii petroli huchemka kwenye pampu kwa joto, gari likakata pumzi, na dawa yake gunia bichi. Hakuna dereva asiyejua. Nilimfunza mwenyewe, nikamsifu alipoweza.

Nimelitupa gunia. Tukasubiri barafu iyeyuke, tukaondoka. Maili mbili. Likazima. Barafu ileile, bila gunia.

Basi kosa si la mzee peke yake.

Nimekaa barabarani nikakitazama kikopo. Midomo ya yale matundu mawili niliyoyaziba ina kutu. Kutu! Gesi haileti kutu, maji ndiyo huleta. Hapo ndipo akili ilipokuja, imechelewa. Maji ya moto ya injini yalitakiwa yapite humo, kukipasha kikopo moto gesi inapogeuka hewa. Ikigeuka hugandisha kila kitu. Mzee alikuwa anakipoza kwa nje, mimi nilishakinyima moto kwa ndani. Nani mjinga zaidi?

Sikumwambia.

Alhamisi, 14 Machi

Bomba la shaba la kupitishia maji ya moto hakuna dukani. Hakuna Bagamoyo nzima.

Gari hili lilikuja na bomba lake, la kupasha joto abiria. Nililing'oa mwenyewe mwaka wa kwanza, nikicheka. Joto la ziada, Bagamoyo! Nikampa Mama Rehema. Ndilo alilotundikia pazia la chumba cha nyuma.

Nimeingia nikalichomoa. Pazia chini. Mama Rehema kasimama mlangoni, "Baba Rehema, mwanangu atazaa hadharani?" Nimelikata vipande viwili na kuunganisha kwa mpira wa trekta bovu.

Ijumaa, 15 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa, maili kumi bila kuzima. Kikopo kina joto, mkono haukai. Nimecheka peke yangu mpaka nikatoa machozi.

Jumamosi, 16 Machi

Tunaondoka kumepambazuka. Wingu zito upande wa bara. Mzee Kheri kapakia debe lake na gunia lake. Nimemwambia avishushe, zama zake zimepita, tusimbane mgonjwa. Kasema, "Naam, fundi."

Jumapili, 17 Machi

Niandike ya jana kabla sijajipunguzia aibu.

Tumepita Msata vizuri. Kwenye kilima cha mbele, pu! Mpira wangu wa trekta umepasuka. Maji yote ya rejeta chini, mvuke umejaa. Barafu ikaanza kupanda kwenye kikopo huku natazama. Hakuna nyumba, hakuna kisima, mtu hapiti. Maji ya kunywa, chupa moja. Rehema yuko mbele, miguu imevimba, anatusubiri. Nimeketi kwenye majani. Nimeshika kichwa.

Mzee Kheri kainua benchi la mgonjwa. Chini yake, debe. Limejaa, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Na gunia, kavu, limekunjwa vizuri.

Hakuvishusha. Alisema naam na hakuvishusha!

Kalichana gunia vipande virefu, tukaufunga mpira kama mtu anavyofungwa mfupa. Akamimina maji taratibu, tone halikumwagika. Angeniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ningeona nafuu. Kasema tu, "Washa, fundi."

Fundo lilivuja njia nzima. Lugoba tukajaza debe, Chalinze tukajaza tena. Ubena tumefika adhuhuri. Rehema kaja mlangoni ameshika ukuta, uso umejaa. "Shikamoo baba." Nimeinama kuitazama miguu yake. Mzee Kheri ndiye aliyesema marahaba.

Kurudi, mvua imetukuta Msata. Tumepita. Wa nyuma yetu sijui kama wamepita.

Njiani, Rehema amelala, nimemwambia mzee yote. Matundu, kutu, na kwamba nilijua tangu Jumatano nikamwacha abebe lawama. Nikamwomba radhi. Kasema, "Nilidhani hunisamehe lile gunia." Basi, akaendelea kuendesha.

Jumanne, 26 Machi

Mvua siku ya saba. Njia ya Msata imefungwa.

Rehema kajifungua leo alfajiri. Mtoto wa kike. Alipata kifafa cha uzazi, daktari alikuwepo na sindano yake. Kaniambia nje, akinawa mikono, kwamba kule Ubena Rehema asingepata sindano hiyo. Nimeitikia tu. Nimekwenda uani nikakaa.

Jumapili, 31 Machi

Mvua imepumua.

Chumba cha nyuma, tangu nichomoe bomba, kilikuwa na kanga imefungwa kwa misumari, mgeni akija mwanamke mmoja anaishikilia isianguke. Asubuhi Mzee Kheri kaja na ufito wa mkoko, kaumenya mwenyewe. Kapiga hodi, kautundika, Mama Rehema kamletea pazia. Akapewa mtoto ampakate. Akamfunika miguu, akasema hapa pana ubaridi.

Ufito umekaa mshazari, ncha moja iko chini. Kidole kizima. Nimeuona tangu nikiwa mlangoni, na spana ninayo mfukoni.

Nimeuacha.