Kaburi Tulilozua Kwenye Shamba la Athieno

Kwako kaka Owor, uliyetangulia ukaniachia maneno,

Habari za huko? Mimi miguu haitulii. Tangu juzi nimekwenda Busia na kurudi mara mbili bila shughuli yoyote. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sababu ni wewe, mwongo mkubwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwatembeza wageni hapa Tororo? Treni ikifika, wewe na lile koti lako la kupewa, mimi na fimbo, tunasimama mlangoni pa stesheni kama watu wenye ofisi. Tunawapitisha kwenye maduka ya Wahindi, tunawaonyesha fundi cherehani aliyemshonea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, suruali ikapasuka mbele ya baraza. Kisha soko, kisha njia ya kulizunguka lile jiwe kubwa kama mlima mpaka wanahema. Darasa la pili lilitushinda sote wawili, lakini historia tulikuwa nayo, na ikipungua tuliiongeza.

Siku ile mke wa karani mgeni alichoka, akaketi juu ya rundo la mawe pembeni mwa shamba la wimbi la Athieno, mjane jirani yetu. Amenuna: kutembea asubuhi nzima na hajaona la maana. Ukamwambia kwa sauti ya kanisani, "Mama, inuka taratibu. Umemkalia chifu."

Akaruka kama aliyekalia siafu. Mimi nikavua kofia. Hapo ndipo nami nilipokosea, maana ni kofia yangu iliyowafanya waamini.

Tangu hapo kila mgeni alitaka kaburi la chifu. Ukampa jina, ukampa vita, ukampa wake saba. Ulipokufa alikuwa amefikisha kumi na wawili, na mimi nikaendelea kuwahesabu mbele ya wageni bila haya.

Sasa sikia. Bwana Shauri mpya anataka kulizungushia kaburi waya, pamoja na shamba lote, watu wasilime juu ya chifu. Kesho asubuhi nimeitwa nimwonyeshe mipaka. Nilipokwenda kwa Athieno nilimkuta anapalilia.

"Mzee, chifu gani huyo? Mawe hayo nimeyatoa shambani mwenyewe, moja moja, mpaka mgongo ukapinda."

"Najua."

"Unajua, na kofia ulivua. Watoto wangu watakula waya?"

Niliokota fimbo yangu nikaondoka. Wewe ungekuwa na jibu, ndiyo maana nakukasirikia na kukukumbuka kwa pamoja.

Nimezunguka hadi viatu vimelalamika, na nimeamua. Nitamwambia Bwana Shauri kwamba kwa Athieno ni mawe tu, tulidanganya, wewe na mimi. Akinifokea, afoke. Akisema waya umekwisha kununuliwa na lazima apate kaburi, nitamleta hapa nyumbani, nyuma ya jiko, ulipolala wewe katikati ya mihogo yangu. Waya utachukua mihogo yote, na mke wangu atanimaliza. Lakini hapa angalau kuna mtu chini.

Kofia nitaivua, na safari hii sitakuwa nikiigiza. Wewe kazi yako ni moja tu: lala kimya, usicheke mbele ya wageni.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na fimbo.