Mikono ya Papa Juu ya Dufu

Kabondo, Kisangani,
Tarehe 14 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Yunus,

Assalaam aleikum. Nakujulia hali kwanza, wewe na mkeo Nadège na binti yetu Nyota. Baridi ya huko Kanada imeanza kuuma? Na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kinaendeleaje? Usinijibu "bien" peke yake kama ulivyozoea, maana "bien" yako naijua, ni ya mtu anayekohoa chini ya blanketi.

Sisi huku wazima wa mwili, Alhamdulillahi. Mvua inanyesha karibu kila mchana. Barabara ya kwenda Makiso imekuwa tope tupu, na vijana wa toleka wanasukuma baiskeli zao za abiria badala ya kuzipanda. Mama alitoka eda wiki jana. Wanawake wa mtaa walikuja, wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, chai ikanyweka mpaka sukari ikatuishia. Amekonda, lakini anakula. Jana alinigombeza kwamba nimezidisha chumvi kwenye mboga ya pondu, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka.

Ila moyo, Yunus, moyo bado. Nilidhani msiba ni kama homa, kwamba siku zikipita unashuka. Siku ile ya kwanza nilimlilia Papa wetu pamoja na watu wote. Sasa namlilia peke yangu jikoni, moshi nikiusingizia, na huku ndiko kunakouma zaidi. Nikifagia uwanja nafika kwenye michungwa yake, nauacha ufagio hapo hapo, narudi ndani.

Barua hii naiandika kwa mkono, sikutaka simu, kwa sababu ya neno ulilosema siku tuliyomzika. Bila shaka unalikumbuka. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya ua, mtandao unakatika, nawe unalia kule peke yako, karatasi zako hazijakamilika uweze kuja. Ukaniambia mimi dada yako: "Yaya, papa alikuwaka na wakati ya njiwa. Alikuwaka na wakati ya nyuki. Wakati yangu ndiyo ilikosa."

Nami siku ile niliamini hivyo hivyo. Kila Ijumaa ulipopiga, Papa alishika simu akasema yaleyale: "Bon, mutoto yangu, kazi iende muzuri, Mungu akulinde, nakupa mama yako." Halafu huyoo, uwanjani kwa njiwa wake, na wewe hujamaliza hata salamu. Nilikuonea huruma. Nilimkasirikia pia, nakwambia kweli, nikadhani ana kinyongo kwamba ulituacha. Nawe ukaanza kupunguza kupiga, ukawa unamtumia Mama tu sauti zilizorekodiwa, na hapo pia sikukulaumu.

Subiri kidogo. Ngoja nimkumbuke kwanza, nipate nguvu ya kufika ninakokwenda.

Papa unamjua, shule haikumtosha. Kutwa nzima anapambana na darasa la sita, jioni anarudi na chaki kwenye nyusi, na bado ana kazi nyingine inamngoja. Tulipokuwa wadogo zilikuwa redio. Meza imejaa nyaya na misumari, tunakula sahani zikiwa magotini, na ole wake mtoto apoteze skrubu. Kisha ndege wa msituni. Alimtambua kila mmoja kwa mlio wake, akatuamsha alfajiri tukamsikilize mgeni aliyetua kwenye mti wa jirani, sisi usingizi umetujaa tunaitikia tu. Na dufu! Unakumbuka, Maulidi haikuanza mpaka yeye, Mwalimu Idrissa, afike na dufu lake, na kofia ameilaza upande kama kijana.

Wewe ulipoondoka, mambo yakageuka. Redio akazigawa. Dufu likatundikwa ukutani. Ndege wa msituni hakuwataja tena. Akaleta njiwa, na baada ya njiwa akaleta nyuki, ambao siku ya posa yangu walimkimbiza tonton wa mchumba wangu, ndugu wa baba yake, hadi barabara kuu, nikanusurika kukosa mume. Akaanza kupandikiza michungwa, kuzinyoosha rimu za baiskeli za vijana wa toleka, kucheza dama na rafiki yake Tonton Hamadi kila alasiri. Tulicheka tu. Tulisema mzee amepata pensheni, breki zimekatika. Siku ya mazishi vijana wa toleka walidai jeneza walibebe wao kwa kuwa ni fundi mwenzao, na wafuga nyuki nao wakadai vivyo hivyo, mpaka wanafunzi wake wa zamani wakawaka: "Huyu iko mwalimu yetu!" Hata mimi nilicheka, katikati ya kilio.

Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini aliyaacha yale ya kwanza.

Mchana ule wa kutoka eda, wageni walipokwisha kwenda, Mama aliniita chumbani. Nilikuwa nimemweleza neno lako, na nadhani lilimkaa kooni muda wote huo. Akasema: "Leila, baba yenu alikuwa hasikie tena. Yunus alikuwa hajamaliza hata mwaka kule, masikio ikaanza kufa, polepole, polepole, mpaka ikaisha yote. Ni mimi tu nilijua."

Nilikaa kitandani. Halafu yote yakaanza kunirudia. Watoto wa mtaa aliowafundisha barazani, jinsi alivyowakataza kujibu kwa mdomo, kila mmoja na kibao chake cha chaki: "Alors, muandike kwa ardoise, musiniambie!" Wazazi wakasifu, wakasema hiyo ni méthode ya kisasa. Adhana ya alasiri: hakunyanyuka mpaka amwone Tonton Hamadi anapita na kanzu yake. Kiti chake kilitazama mlango siku zote. Na Mama, kila mara ameketi ubavuni pake, mkono juu ya goti lake. Mimi nilidhani ni mapenzi ya wazee. Kumbe alikuwa akimbonyeza, mtu akimsemesha, ajue wa kumtazama.

Njiwa, nyuki, michungwa, rimu, dama. Vyote hivyo ni vya macho na mikono, Yunus. Redio, ndege na dufu, vile alivyovipenda toka ujana wake, vilimtoka kimoja kimoja, wala hakuvililia mbele yetu hata siku moja. Aliokota kingine akaendelea.

Tonton Hamadi hajui, nawe usimwambie. Unamjua, akianza kusema hata mvua inasubiri. Miaka yote hiyo amemwaga maneno juu ya ubao wa dama, Papa akitikisa kichwa na kumla kete. Matangani alilia kuliko wanawake: "Hakuna mutu alinisikilizaka kama Mwalimu! Sasa nitaongea na nani?" Alikuja tena juzi, akakaa peke yake kwenye ubao ule. Nilimpikia chai, nikaketi nikamsikiliza, na Mungu ananijua nilivyochoka.

Nikamuuliza Mama, kwa nini msituambie? Tungepata daktari, tungepata kifaa. Akasema daktari walimwona, na hakukuwa na la kufanya. Alimbembeleza Papa mara nyingi akwambie wewe angalau. Papa alikataa, akasema: "Akijua simusikie, ataacha kuita."

Soma tena hapo, ndugu yangu. Mimi nilipoyasikia maneno hayo nilijifunika uso kwa kanga ya Mama. Hakukimbia simu yako kwenda kwa njiwa. Alisema yale maneno yake machache na kuitoa simu haraka kabla hujamuuliza kitu, maana ungemuuliza, yeye angebaki kimya, nawe ungejua. Alikwenda kwa njiwa kwa kuwa pale aliweza kusimama akiwapa watu mgongo. Mama anasema akirudi ndani macho yalikuwa mekundu, na yeye aliyasingizia manyoya.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo hasa lililonifanya nitafute kalamu.

Mwaka jana Papa alilishusha dufu ukutani. Akachukua spika ya redio moja ya zamani iliyosalia, akaifunga chini ya ngozi, akatoa waya mpaka kwenye simu. Mimi nikamtania, nikasema mzee sasa anafundisha dufu liimbe lenyewe. Alicheka, kumbe ameona midomo yangu tu. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, yeye na Mama wakawa wanajifungia chumbani. Nikadhani wanapumzika.

Walikuwa na wewe. Mama aliweka sauti uliyotuma, na Papa akalaza viganja vyake juu ya ngozi ya dufu, kama mtu anayepima joto la mtoto. Sauti yako ilimpitia mikononi. Alifumba macho mpaka mwisho, kisha akamwambia Mama: "Leo amechoka." Siku nyingine: "Leo kuko kitu inamufurahisha." Mama anasema alikosea mara chache sana. Ndipo Mama akamwandikia kwenye ardoise yote uliyosema, naye akasoma, akafuta, akaomba sauti ianze upya, ili sasa ayashike maneno anayoyajua. Hivyo alijua habari zako zote. Alijua kazi ya bohari, alijua siku Nyota alipozaliwa. Yule njiwa mweupe anayekataa kulala na wenzake, unajua alimpa jina gani? Nyota. Sisi tulidhani ni kwa ajili ya weupe wake.

Nakuja kwenye siku yake ya mwisho. Nilikueleza homa, nilikueleza moyo ulivyochoka. Kuna kitu sikukueleza, kwa kuwa sikukielewa.

Asubuhi ile ulituma sauti kwa Mama, ndefu, ukieleza Nyota alivyosimama na kutembea, unacheka mpaka unakosa pumzi. Mama aliliweka dufu kitandani, akaiweka mikono ya Papa juu yake. Mimi niliingia na uji, nikaona mgonjwa ameshika dufu, nikasikia na kicheko chako kwa mbali, sikuyaunganisha. Papa alifumbua macho. Uso ukamng'aa, nami nilikuwa sijauona hivyo siku nyingi. Akasema kwa sauti yake ile ya darasani, iliyosikika mpaka nje:

"Yunus amefika. Mumuletee kiti."

Nilidhani ni homa inasema. Nikamtazama Mama, Mama akaniambia: "Leta kiti." Nikaleta, nikakiweka karibu na kichwa chake. Papa akautoa mkono mmoja kwenye dufu, akautafuta ukingo wa kile kiti, akaushika. Mkono wa pili ukabaki juu ya ngozi. Mama akairudia sauti yako, na akairudia tena, mpaka mkono ulipolegea. Ilikuwa bado hata adhuhuri.

Basi usiseme tena kwamba wakati wako ulikosa. Papa hakufa akikungoja, Yunus. Kwa hesabu yake yeye, ulikuwa umeshafika, umeketi.

Mama anakusalimu, anasema ule, na Nadège akufunge shingo vizuri. Mume wangu anakusalimu. Tonton Hamadi anakusalimu kwa maneno ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba. Claudine na Trésor wa nyumba ya pili nao wanauliza utakuja lini. Mbusu Nyota mashavu yote mawili, umwambie njiwa wake hajambo. Mwenyezi Mungu amrehemu Papa, akutunze ugenini, akurudishe kwetu ungali na nguvu za kupanda ngazi ya nyumba ya njiwa, maana mimi naogopa.

Na Ijumaa usiache kutuma sauti. Mama masikio yake ni mazima, lakini ameniomba nisiuondoe ule waya. Dufu liko kitandani upande wa Papa, na kiti chako kiko palepale aliposema kiwekwe, hatujaruhusu mtu kukikalia.

Ni mimi dada yako akupendaye, leo kuliko jana,

Yaya Leila