Mumbi Asipopokea

Kitengela,
12 Februari 2025

Ndugu yangu Ngugi,

Salamu nyingi. Natumaini uko mzima na kile kikohozi cha vumbi la Kajiado kimekuachilia. Sisi huku tuko sawa, isipokuwa maji ya mfereji, hayo tuliyaona mwisho kabla ya Krismasi. Miguu ya Mama inaendeleaje? Mwambie nitamletea dawa.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwa simu mimi na wewe tunapandishiana sauti. Sankale anarudi huko kesho na mitungi yake ya maziwa, atakupa bahasha hii.

Jumapili baada ya misa ya pili paroko wetu aliniita sakristia. Hakuniambia niketi. Alitoa barua ya askofu akaisoma yote, macho kwa karatasi tu. Kwamba mimi, Perpetua Mumbi, mwakilishi wa wadi, nimepeleka kwa bunge la kaunti mswada wa kuruhusu kutoa mimba katika hospitali zetu. Kwamba nimeonywa mara mbili. Na kwamba kuanzia siku hiyo nisiende kupokea komunyo mpaka niseme hadharani kwamba nilikosea. Akaikunja, akasema, "Mheshimiwa, pole." Nikamwambia aniite Mumbi, sikubatizwa Mheshimiwa.

Ngugi, unajua mswada unasema nini. Unasema mwanamke akiletwa anavuja damu, atibiwe kwanza, maswali baadaye. Unasema daktari akiona mimba itamuua mama, asiogope kufanya kile katiba inamruhusu. Unamkumbuka Mbeke wa jumuiya yetu, yule wa kuanzisha nyimbo? Ulimzika wewe, mwaka ule ulipokuja kumsaidia paroko. Mumewe Ochola alikuambia ni damu ilipungua. Haikuwa hivyo. Alikunywa kitu alichouziwa nyuma ya soko, akajificha nyumbani siku tatu akiogopa kushtakiwa. Nilikuwa bado nesi. Aliletwa kwangu akiwa baridi. Alinishika mkono akasema, "Usimwambie Ochola." Aliacha watoto watatu.

Ongea na askofu, wewe padre wake atakusikiza. Na Mama asijue.

Dada yako,
Mumbi


Kajiado,
1 Machi 2025

Dada Mumbi,

Amani ya Bwana iwe nawe. Kikohozi kimeisha. Mama anakusalimia sana, miguu bado imefura lakini jana alitoka mwenyewe akaenda kuangalia kuku.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno ambayo hayatakuumiza, na sijayapata. Barua ya askofu niliiona kabla yako. Aliniita Januari, akataka mimi ndiye nikuletee. Nilimwomba aniondolee hilo. Nilimwambia, huyu ndiye aliyenilea mgongoni Mama akiwa shambani, huyu ndiye alinifundisha Baba Yetu. Akakubali kumtuma paroko wako. Lakini sikumwambia amekosea, Mumbi. Sifikirii amekosea.

Habari ya Mbeke imenivunja. Niliposimama juu ya kaburi lake sikujua. Lakini wewe ukimwona Mbeke, mimi naona na yule mwingine, ambaye hakuna mtu alimzika wala kumpa jina. Nani atamsemea? Kile kipengele chako cha nne kinasema "afya ya mama", na wewe kama nesi unajua neno afya ni mlango mpana, yeyote atapita. Kiondoe hicho kipengele. Andika mstari mmoja, useme ulikosea. Nitaupeleka kwa askofu na mkono wangu, na Jumapili ifuatayo utapokea.

Ukija bungeni hapa Kajiado, pita parokia basi. Bawabu ananiambia gari lako hufika getini likageuka.

Mdogo wako,
Ngugi


Kitengela,
23 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Kristo amefufuka. Natumaini mlikuwa na Pasaka njema na Mama alifika kanisani.

Yangu nitakuambia. Nilikaa kiti cha tatu kama kawaida. Wakati wa komunyo wanawake wa chama cha kanisa walianza kutoka, na kwa kuwa sikusimama, walilazimika kupita juu ya magoti yangu, mmoja mmoja. Sheryl wa kwaya akaninong'oneza, "Mheshimiwa, si usogee." Nikasogea. Walipokuwa wakirudi, midomo imefungwa, hakuna aliyeniangalia.

Mswada ulianguka. Tulipata kura tisa. Siku ya mjadala niliwaona wamechoka, wengine wanaangalia simu, nikaona maneno ya kisheria hayataingia. Nikasema jina lake. Nikasema Mbeke, nikasema jumuiya yake, nikasema alivyokufa na alivyoniomba nisimwambie mumewe. Waliweka simu chini, Ngugi. Nilidhani nimewapata. Kisha wakapiga kura vile walikuwa wamepanga.

Jioni hiyo redio ilirudia kila kitu. Asubuhi Ochola alikuwa kwa geti yangu, na nguo za kazi. Hakupiga kelele. Alisema, "Alikuomba usiniambie mimi. Wewe umeambia kaunti nzima." Nikasema, "Ochola, nisamehe, nilitaka wengine wasife." Akasema, "Na huyu wangu uliyemuua tena?" Binti yake mkubwa hataki kurudi shule.

Kwa hivyo sina mswada, na sina komunyo. Na mume wa Mbeke akiniona sokoni anavuka barabara.

Dada yako,
Mumbi


Kajiado,
30 Juni 2025

Dada Mumbi,

Salamu. Natumaini uko na afya. Hapa si kuzuri, na ninakuomba usome hii ukiwa umeketi.

Mama alisikia. Si kwangu. Mama mmoja wa jumuiya alimwuliza kama ni kweli msichana wake amekatazwa meza ya Bwana. Jumapili hiyo nilipofika mbele yake na hostia, alitikisa kichwa. Nilidhani hajasikia vizuri, nikarudia, "Mwili wa Kristo." Akasema kwa sauti ya kawaida, watu wakasikia, "Mumbi anapokea?" Nikasema, "Mama, tutaongea nyumbani." Akasema, "Mumbi asipopokea, na mimi sipokei. Nilizaa wawili."

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Amekuwa akipokea tangu akiwa msichana wa miaka kumi, hajawahi kukosa isipokuwa alipokuwa akituzaa. Nimemweleza sheria ya Kanisa. Nimemwambia wewe unaweza kurudi siku yoyote. Ananisikiliza vizuri, kisha ananiuliza kama nimekunywa chai.

Ijumaa daktari alimwona. Moyo umechoka, maji yamepanda mpaka kifuani. Ametupa wiki chache. Nilimpaka mafuta ya wagonjwa, hayo alikubali. Komunyo alikataa. Mumbi, mimi ni padre, nimewapelekea wazee wangapi wa Kajiado komunyo ya safari ya mwisho, hata wale walikaa miaka bila kuingia kanisani. Mama yangu mzazi ataondoka bila?

Mswada tayari ulianguka. Unalinda nini? Andika huo mstari. Si kwa ajili ya askofu.

Mdogo wako,
Ngugi


Kitengela,
4 Julai 2025

Ngugi,

Salamu kwa Mama kwanza.

Nilikaa mezani na karatasi mara tatu. Kosa la kumtaja Mbeke naweza kulikiri hata mbele ya kanisa lote, na nikapiga magoti kwa Ochola. Lakini si hilo wanataka. Wanataka niseme nilikosea kutaka atibiwe. Nikiandika hivyo nitakuwa nasema uongo kwa Mungu ndio aniruhusu kumpokea.

Kwa Mama ni tofauti. Kwa Mama nitadanganya. Jumamosi nitakuja nimwambie nimerudishwa. Wewe usiseme chochote, nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi, au pia hiyo iko kwa vitabu vyenu?

Dada yako,
Mumbi


Kajiado,
2 Agosti 2025

Dada Mumbi,

Nashukuru ulikaa mpaka mwisho wa mazishi, ijapokuwa ulikaa nyuma, kwa akina Sankale, na kiti chako mbele kilibaki kitupu. Natumaini ulifika salama.

Hatujaongea juu ya ile Jumamosi. Wacha nikuandikie ilivyokuwa upande wangu.

Uliposema, "Mama, nimerudishwa," nilinyamaza kama ulivyoniomba. Niliona uso wake ukifunguka. Aliomba tumwinue, aoshwe uso, afungwe kitambaa kizuri. Hata mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikawasha mshumaa. Halafu akasema, "Mpe yeye kwanza, nione."

Ulipiga magoti pale kando ya kitanda. Ulifungua mdomo. Hostia ilikuwa kwa vidole vyangu. Hakukuwa na askofu humo ndani wala mtu wa redio, tulikuwa sisi watatu. Ningekupa, hakuna mtu angejua, na Mama angepokea baada yako. Nilijiambia, peleka mkono. Mkono haukuenda. Nikasikia nimesema, "Mama, siwezi."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. Hakukasirika, hata hakulia. Alifunga mdomo, akalala akiangalia ukuta. Jumatatu na Jumanne nilikwenda na komunyo, hakuufungua. Jumatano asubuhi akaenda.

Watu wananiambia nilihubiri vizuri kwa mazishi. Sikumbuki neno hata moja.

Nilifanya sawa, Mumbi. Kila kitabu kitasema nilifanya sawa. Niambie kitu.

Mdogo wako,
Ngugi


Kitengela,
20 Agosti 2025

Ngugi,

Sijambo.

Uongo ulikuwa wangu, huo nitaubeba mwenyewe. Nimejaribu kutokulaumu. Nimeshindwa.

Unaandika kana kwamba nilipopiga magoti pale nilikuwa namsaidia Mama kuamini. Nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kupokea. Sikuwa naigiza. Nilikuwa na njaa.

Usiniandikie tena.

Mumbi


Kitengela,
27 Oktoba 2025

Dada yangu Mumbi,

Natumaini uko mzima popote ulipo. Uliniambia nisikuandikie, na nimevumilia miezi miwili.

Utaona nimeandika Kitengela. Askofu amenihamisha. Mimi ndiye paroko wako sasa. Niliomba anipeleke mahali pengine popote, hata Ewuaso Kedong, akasema kondoo hawachaguliwi.

Jumapili ya kwanza nilikutafuta kiti kwa kiti. Nilipokuwa nikigawa komunyo nilikuwa naogopa kuinua macho nikukute kwa mstari, na nilikuwa naomba nikukute. Sheryl ameniambia hujaonekana tangu Mama azikwe. Nilikuja kwa nyumba yako Jumatano. Mlinzi akasema ulitoa vitu Septemba, na ulikokwenda hajui. Ofisini kwako wanasema huji tena hata siku za kikao, na kwamba uliwaambia kura ijayo husimami. Simu yako inaita tu.

Nilimtembelea Ochola. Alinipa kiti nje, hakunikaribisha ndani. Nilimwuliza kama watoto wanakuja katekisimu. Akasema, "Father, mama yao alikuwa anaimba huko kila Jumapili, na alipokuwa na shida hakuona mtu wa kuambia. Waende kufanya nini?" Nilikaa pale mpaka chai aliyoniletea ikapoa.

Jumapili hii ni siku ya marehemu wote. Nitasoma majina, na la Mama litakuwa la kwanza. Njoo. Sitakuuliza habari ya mstari wowote. Kaa tu pale nione uko hai. Ukitaka kusimama nje, simama nje, milango nitaacha wazi.

Mdogo wako,
Ngugi

Jumatatu, 3 Novemba. Nilisoma majina pole pole, nikisema labda umechelewa tu. Misa iliisha saa sita, na hukuja. Barua hii bado iko mezani kwangu, kwa sababu hakuna mtu Kitengela anayejua niitume wapi.