Mechi ya Ng'ambo ya Mto

Mjukuu wangu Baraka,

Nakusalimu kutoka Lidcombe, mtaa wetu wa huku ugenini. Korona imetufungia ndani, lakini wote tunapumua, na tunamshukuru Mungu. Shangazi yako bado anaenda kazini ghalani Smithfield. Bibi yako anasali kwa simu na wenzake, na anaimba kwa sauti mpaka majirani wamezijua nyimbo zetu.

Umeniuliza kama ekipe yenu, timu yenu ya mpira, itabaki ile ile, chuo chenu huko Amerika kikihamia ligi nyingine.

Nilipokuwa beki wa ekipe ya kijiji chetu kule Kongo, wakubwa wa mpira walituhamishia ligi ya mjini. Tulisafiri mbali, tukafungwa, tukachekwa. Hayo tuliyazoea. Kilichotuuma ni kufutwa kwa mechi yetu dhidi ya vijana wa ng'ambo ya mto, tuliocheza nao tangu utoto.

Kapteni wetu, Bahati, alimwendea katibu wa ligi. Nami nilikuwepo.

"Jumapili tunacheza nao," alimwambia.

"Mkicheza, nitawafungia."

"Tufungie. Ligi ni yako, lakini jirani ni wetu."

Tulivuka mto, viatu mkononi. Tulitoka sare, na katibu akatufungia mwezi mzima. Hakuna kati yetu aliyeomba msamaha. Hapo ndipo nilipojua kwamba ekipe yetu bado ipo.

Basi wacha wakubwa wenu wahame. Ninyi mpigieni simu kapteni wa chuo jirani, mtafute uwanja. Wakiwakataza, chezeni.

Ni mimi babu yako, ambaye mwaka uliofuata alivuka mto tena kucheza.