Saini Kwenye Jalada

Umeå, 14 Januari 1984

Baba,

Salamu nyingi. Goti lako linaivumiliaje theluji? Mimi mzima, ila vidole vina malengelenge ya kupiga ngoma. Tumemaliza kurekodi santuri yetu ya panki, ule muziki wa kelele na hasira! Nyimbo kumi na saba kwa dakika ishirini na mbili. Hata wewe hutapata muda wa kuchoka.

Wimbo wa kumi unakuhusu, na nimeuandika mimi. Shajara yangu ya 9 Novemba inasema: "Nimeona kumbukumbu za mkutano mezani jikoni. Chama cha wafanyakazi kimekubali kiwanda cha karatasi kifungwe. Chini pana saini ya baba." Nilitoa nakala ya ukurasa ule. Saini yako sasa imechapwa kwenye jalada, na juu yake neno MSALITI. Ulinifundisha kumwambia mtu usoni, basi nakwambia kabla hujaikuta dukani.

Binti yako,
Torun

Hällfors, 17 Januari

Mwanangu Torun,

Goti linavumilia. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kupasua kuni.

Kila mkutano wetu huchagua mtu wa kuhakiki kumbukumbu. Anasaini kwamba yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa, basi. Siku ile walinichagua mimi. Nakuwekea humu ukurasa wa nyuma, ambao hukuugeuza: pana pingamizi langu. Nilikuwa mmoja dhidi ya kumi na mmoja. Ungeuliza ningekwambia, lakini uliubamiza mlango ukapanda basi.

Baba

Umeå, 21 Januari

Baba,

Natumaini kuni hazijaisha. Mwambie mama nakula.

Jana niliitisha mkutano wa bendi. Utacheka: ili tupewe chumba cha mazoezi tumejiandikisha kama darasa la watu wazima, kwa hiyo nasi tuna mwenyekiti na kumbukumbu. Niliomba wimbo utolewe. Jerker, mwimbaji wetu, akasema ndio bora kuliko zote, na majalada yameshachapwa. Nikashindwa kwa kura tatu kwa moja. Kisha akatakiwa mtu wa kuhakiki.

"Asaini Torun," Jerker akasema. "Ndiye mwenye mwandiko mzuri."

Niliandikisha pingamizi langu, halafu nikasaini. Kalamu niliiweka chini mara mbili kwanza, baba. Wewe nawe uliiweka chini?

Tunazindua 3 Machi, hapo Hällfors, ukumbi wa wafanyakazi. Sijui kama utakuja.

Torun wako

Hällfors, 27 Februari

Mwanangu,

Sisi wazima, na ndiyo, kalamu nami niliiweka chini.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilimpigia simu Jerker wako. Mkaidi yule, tungemhitaji kwenye mkutano ule wa Novemba. Amekubali kila jalada liwekwe karatasi yenye pingamizi langu, pamoja na majina ya wale kumi na mmoja waliopiga kura kiwanda kifungwe. Mama amepiga chapa, nakala mia tano ziko kwenye kifurushi hiki.

Wimbo msiutoe. Una hasira tuliyoikosa kwenye meza ya mkutano.

Nitakaa safu ya mbele na pamba masikioni. Wale kumi na mmoja nimewaalika wote, na tisa wameahidi kuja. Hawajasikia wimbo wa kumi. Uipige ngoma kwa nguvu.

Nimehakiki,
Baba