Usiende Bisibo Kwanza, Mama

Mama yangu mzazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno ya maharage. Kila nikishika kalamu mtoto analia, naiweka. Miguu yako inaendeleaje? Na kifua cha baba? Sisi huku Nyakahura sasa tunasimama, ila mafua makali yalilaza nyumba nzima: mwanangu Neema, mimi, na mama mkwe.

Neema alilala siku mbili, ya tatu akafukuza kuku. Mimi wiki nzima. Mama mkwe tulimkimbiza kituo cha afya, akawekewa oksijeni. Nikamuuliza muuguzi, "Ugonjwa ni mmoja, mbona mzee ndiye anazidiwa?" Akasema chembe hai za mwili zimevaa sukari kwa nje, siyo hii ya chai. Mafua yakiingia, mapafu hubadilisha sukari hizo, na kinga ya mwili inazitambua, inakuja kupigana. Kwa mzee hazibadiliki kama za kijana, na vita hiyo inaweza kuumiza mapafu yenyewe. Wataalamu bado wanachunguza, alisema. Mama mkwe akadakia kitandani:

"Sema tu nimechakaa, binti, usinizungushe!"

Tulicheka. Amerudi nyumbani, lakini kufika mgombani anapumzika mara mbili.

Sasa nasikia unafunga mizigo uende Bisibo kumuuguza uzazi mdogo wangu Leokadia, na kwake wote wanakohoa. Mama, usiende. Najua utasema, "Huyu ana wivu." Ninao. Nilipojifungua mimi, ulisema kahawa haina mchumaji. Kajifungua yeye, kahawa inajichuma? Hata alipokuwa na mimba tu ulipita hapa sokoni na gari, ukanipa ndizi dirishani, ukaendelea kwake. Nililia palepale mbele za watu.

Lakini aliyewekewa oksijeni ni mama mkwe, siyo wivu wangu. Na wewe ni rika lake. Subiri kikohozi kiishe kabisa kwao, ndipo uende. Leokadia ana mume, achemshe maji. Akinuna, aninunie mimi.

Msalimie baba, shangazi mnayekaa naye, na kaka yetu mchunga ng'ombe.

Ni mimi mwanao wa kwanza, Adela.

Atakayeniletea jibu mpe na hivi: mbegu ya maharage kilo mbili, karanga za uji wa mama mkwe, na mbeleko yako ya zamani. Najua Leokadia ameiomba. Aliyebebwa nayo kwanza ni mimi.